Mama yake anataka nimsagie dawa amtilie kwenye uji

BARUA

Shikamoo Mama,

Mimi ni muuguzi kwenye zahanati moja wilayani Tandahimba. Afya ya akili niliisoma chuoni kama somo moja kati ya mengi, nikazungushwa wodini wiki chache, mtihani ukapita, basi. Hapa tuko wachache: mganga mfawidhi, mimi na mhudumu mmoja. Nazalisha, nachanja watoto, nasafisha vidonda, najaza vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za wagonjwa, mpaka vidole vinakufa ganzi. Hayo nayamudu. Kinachonikosesha usingizi ni kijana mmoja wa kijiji hiki.

Ana miaka 26. Mwaka juzi alilazwa hospitali ya Ligula, Mtwara mjini, wakasema ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo. Akatoka akiwa mzima, analima, anacheza bao, anatania watu. Kila mwezi alikuwa anarudi Ligula kuchomwa Modecate, sindano ya ugonjwa huo, na kupewa vidonge vya benzhexol vya kuandamana nayo, mpaka nauli ikawashinda, ndipo akahamishiwa kwetu. Modecate ilikuja. Benzhexol haikuja. Alichomwa sindano, siku ya pili yake shingo ikampinda upande, macho yakapanda juu yakabaki huko huko, ulimi nje. Nyumbani wakasema jini la ukoo limerudi. Hawakumleta kwetu, walimpeleka kwa mganga wa kienyeji, na shingo ikanyooka akiwa huko. Tangu hapo hataki kusikia habari ya sindano wala kidonge.

Mwanzoni tulidhani kweli dawa haihitaji tena, maana alikuwa safi tu. Sasa halali. Anazunguka usiku kucha anaongea peke yake. Anasema jirani anawatilia sumu kisimani. Mimi hanichukii, tukikutana njiani ananisalimia vizuri, halafu ananiuliza: "Sista, na wewe unamsikia baba?" Baba yake ni marehemu. Anasema anamwita usiku waende shamba. Sijui nimjibu nini. Nikisema namsikia ni uongo, nikisema hakuna kitu ananuna.

Wiki iliyopita kaka yake alimleta mshikaki kwenye bodaboda, yeye katikati, mikono imefungwa kamba ya katani. Mganga mfawidhi akaagiza achomwe haloperidol, dawa nyingine ya ugonjwa huo. Wanaume wanne wakamlaza kwenye benchi la kliniki ya watoto, akina mama wote wapo, wengine wanacheka. Sindano nilishika mimi. Akaniangalia akasema, "Na wewe, sista?" Kesho yake akatoroka nyumbani, hakai, hatulii, wakamrudisha. Sasa wamemfungia chumba cha uani. Mjomba wao ameamua akae humo mpaka korosho ziuzwe, kwa kuwa wakati wa kuokota hakuna wa kumlinda.

Jioni mama yake akaja kwangu analia. Anaomba nimsagie vidonge vya haloperidol, awe anamtilia kwenye uji wa asubuhi bila yeye kujua. "Mwanangu, uji wangu hakatai." Mganga mfawidhi anasema mpe tu, mgonjwa wa akili hana ridhaa. Mhudumu wetu ananitania, ananiita nesi wa vichaa. Mimi nikifikiria naona ni huruma, nikigeuza upande wa pili naona ni hila. Na nisikufiche Mama, akiwa katika hali ile namwogopa.

Nifanye nini?

Muuguzi mwenye mashaka, Tandahimba

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kwenye uji nitafika, lakini kwanza lile ulilolipitia juu juu, maana ndilo lisiloweza kusubiri.

Kijana anamsikia baba yake marehemu akimwita waende shamba. Wewe umehangaika na jibu la kumpa. Mimi nataka uhangaike na swali la kumwuliza: baba anakuita wapi, na ukimfuata kunakuwaje? Sauti ya marehemu inaweza kuwa ni baba na jembe lake tu, kama zamani. Inaweza pia kuwa inamwita amfuate kaburini. Kwa kumtazama usoni hutajua. Kaa naye chini, mkiwa wawili, mlango haujafungwa, umuulize kwa Kiswahili cha wazi: sauti hiyo inakuamrisha kitu? Inakuambia ujidhuru, au umdhuru mtu? Umewahi kufikiria kujiua? Wauguzi wengi wanaogopa swali hilo, wanaona ukimtajia mtu kujiua ni kama umemfundisha. Sivyo. Mwenye wazo hilo hupata pa kulitulia, na asiye nalo atakujibu hapana, maongezi yakaendelea. Akisema ndiyo, usishtuke mbele yake. Endelea: kwa njia gani, lini, na hicho kitu kiko wapi sasa hivi? Mwenye mpango ni rufaa ya siku hiyo hiyo, na mpaka gari lifike asiachwe peke yake hata msalani.

Akisema hapana, bado nenda na mama yake mkakague nyumba. Kwenye nyumba za wakulima wa korosho msimu huu hakukosekani mabaki ya dawa za mikorosho: salfa ya unga kwenye mfuko, na viuatilifu vya maji, vingine vimehamishiwa kwenye chupa ya soda na kusukumwa uvunguni. Hivyo vya maji ndivyo vinavyoua. Sasa fikiria, wamemfungia chumba cha uani, na chumba cha uani kwa watu wengi ndicho stoo. Kaangalie wamemfungia pamoja na nini. Sumu, kamba, mapanga, vyote vihamie kwa jirani wanayemwamini, hata kama yeye mwenyewe ametulia kama maji ya mtungi.

Na akikuuliza tena kama unamsikia baba, mjibu: "Mimi simsikii, lakini naamini wewe unamsikia, na naona anakunyima usingizi. Pole." Hapo hujadanganya na hujabishana. Kubishana na mtu juu ya sauti anayoisikia kwa masikio yake ni kupoteza rafiki bure. Habari ya sumu kisimani nayo ni hivyo hivyo: usiseme ipo, usimcheke, muulize anakunywa maji wapi siku hizi. Utashangaa. Unaweza kukuta hanywi maji kabisa.

Tuje kwenye shingo.

Kilichompata hakikuwa jini, na wala hakikuwa ugonjwa kuzidi. Ni dawa. Modecate na haloperidol hufanya kazi kwa kupunguza nguvu ya kemikali moja ya ubongo iitwayo dopamini, na kemikali hiyo hiyo ndiyo inayosaidia misuli kwenda kwa mpangilio. Ikibanwa ghafla, misuli hukaza: shingo inapinda, macho yanapanda, taya linajifunga, mgongo unajikunja. Wataalamu huita distonia. Hutokea zaidi katika siku za mwanzo baada ya sindano au baada ya dozi kuongezwa, na vijana wa kiume ndio inaowapata zaidi. Inauma, inatisha, na mtu anakuwa na akili zake timamu anaona yote. Dawa yake ni hiyo benzhexol mliyoikosa, au sindano ya promethazine pale inapokuwepo, kwa maelekezo ya tabibu. Sindano huanza kuinyoosha shingo ndani ya nusu saa hivi, watu wote wanatazama. Isipotibiwa, kwa kawaida huondoka yenyewe baada ya saa au siku, ndiyo maana aliponyooka kwa mganga, mganga akapata sifa. Ila ikishika koo, mgonjwa akakoroma au akashindwa kumeza na kupumua, hiyo ni dharura, usisubiri chochote.

Kwa hiyo huyo unayemwita mgonjwa anayekataa dawa, mimi namwona ni mtu mwenye sababu. Amechomwa kitu kikampinda shingo, hakuna aliyemweleza ni nini, hakuna aliyemwambia kinatibika. Wewe ungekubali sindano ya pili? Hii ndiyo kazi yenyewe ya uuguzi wa akili, na chuoni hupita haraka sana: mtu akikataa dawa, kabla ya kutafuta njia ya kumpa, tafuta kwa nini amekataa. Huyu wako sababu yake ina jina na ina tiba.

Nenda ukamwambie hivyo. Mwambie ile shingo ilitokana na sindano, pole sana, haikuwa jini na haikuwa kosa lake, na kabla ya dawa nyingine yoyote tutakuwa na ile ya kuzuia mkononi. Mama awepo asikie. Kisha mwulize ni nini kingine kilimsumbua zamani akiwa kwenye dawa, maana wagonjwa wengi hawasemi mpaka waulizwe: mate kujaa, mikono kutetemeka, usingizi mzito wa mchana, nguvu za kiume kupungua. Hilo la mwisho kijana wa miaka 26 hawezi kukuambia wewe dada wa rika lake. Mtafute mwanamume anayeaminika amwulize, au mwachie daktari, lakini lisiachwe.

Jambo jingine hapo. Umeandika kwamba kesho yake baada ya haloperidol "hakai, hatulii", akatoroka. Labda ni ugonjwa. Lakini dawa hizi zina tabia nyingine ya kumfanya mtu asitulie kwa ndani, miguu inamwasha kutembea, akikaa anasimama, akisimama anahama mguu huu na huu. Familia wakiona hivyo wanasema kichaa kimepanda, sisi nasi tunamwongezea dozi, na dozi ikiongezwa hali inazidi. Mwulize: unataka kutembea, au unashindwa kukaa? Akisema anashindwa kukaa, andika hivyo hivyo kwenye faili, daktari atapunguza au atabadilisha.

Na la tatu la kulikariri: aliyechomwa dawa hizi akipata homa kali, mwili mzima ukakakamaa, jasho jingi, akili zikamchanganyika, usisubiri kipimo cha malaria kiamue. Pima ndiyo, ila gari liwe linatafutwa. Ni nadra, lakini huua.

Mlishangaa pia kwamba alikaa vizuri miezi kadhaa bila dawa. Modecate ni dawa iliyochanganywa kwenye mafuta, na mafuta yenyewe ni ya ufuta, huo huo mnaoulima huko kwenu (kwa hiyo muulize mtu kama ufuta humdhuru kabla ya kumchoma). Inakaa kwenye msuli na kujiachia kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Mtu akikosa sindano leo haumwi kesho. Anaumwa baada ya muda mrefu, wakati kila mtu ameshasahau na ameshaamini kwamba alipona. Mama yake akilielewa hili moja tu, umefanya kazi kubwa.

Sasa uji. Usisage.

Najua mama anatoka kwenye huruma, na namheshimu. Lakini tazama huyo kijana anaamini nini: kwamba watu wanatia sumu kwenye maji. Duniani kote kimebaki chakula kimoja tu anachokiamini, uji wa mama yake. Siku atakapoona unga mweupe chini ya kikombe, na ataona, maana wagonjwa wa hofu ya namna hii huchunguza kuliko wewe na mimi, atakuwa amepata ushahidi wa kila alichokihofia, na ushahidi huo ni wa kweli. Ataacha dawa, ataacha uji, na mama hatamwamini tena. Halafu kuna mambo ya kawaida kabisa: akinywa nusu kikombe amepata dozi gani? Mdogo wake akimalizia kilichobaki? Shingo ikipinda tena wakati hajui kuwa amepewa dawa, atasema nini kama si jini?

Mganga mfawidhi anaposema mgonjwa wa akili hana ridhaa, mjibu kwa adabu lakini mjibu. Mtu anayekusalimia njiani na kukuuliza swali la maana ana uwezo wa kuelezwa na kujibu, hata kama jibu lake hatulipendi. Pale mtu anapozidiwa kweli akawa hatari kwake au kwa wengine na hataki matibabu, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa kumpeleka hospitali na kumlaza bila ridhaa yake: kuna maombi, kuna daktari wa kumpima, kuna maandishi, kuna mtu anayewajibika. Kikombe cha uji hakina lolote kati ya hayo.

Mwambie mama uji ubaki uji. Dawa itakayoandikwa aiweke kwenye kisahani, wazi, pembeni ya kikombe, amwambie, "Hii ndiyo dawa yako, na huu uji wako." Akikataa kidonge, uji anywe. Asiadhibiwe kwa chakula. Kesho kisahani kiwepo tena.

Kwenye kamba na lile benchi nitakuwa mkali kidogo, ingawa najua mpo wachache na aliyeagiza ni mkubwa wako. Kuna saa mtu hana budi kushikwa, sikatai. Lakini kushikwa ni kwa dakika zinazohitajika, na watu walioambiana nani anashika wapi, bila goti kifuani wala mkono shingoni, huku mmoja, mmoja tu, akiongea naye kwa sauti ya chini tangu mwanzo mpaka mwisho. Hao wenye kucheka watoke. Na akishachomwa, anakaa mbele ya macho yako: pumzi, mapigo, presha akiwa amelala na akiwa amesimama, maana dawa hizi huweza kuishusha akaanguka. Kumpakia kwenye bodaboda akiwa amelewa dawa ni kumwua njiani.

Kabla hata ya kufika huko, una uwezo zaidi ya unavyodhani, kwa sababu hakuchukii. Akiletwa tena, mtoe kwenye foleni. Chagua saa ambayo kliniki ya watoto imekwisha. Simama upande kidogo, usimkabili uso kwa uso, mikono ionekane, umbali wa mikono miwili, mlango uwe karibu na wewe lakini usimzibe na yeye. Mkasi na trei ya sindano viondoke mezani. Jitambulishe hata kama anakujua, umwambie utakachofanya kabla ya kukifanya. "Nataka kukufungua huu mkono wa kulia niuangalie. Nifungue?" Kisha subiri jibu. Mtu aliyeburuzwa kutoka nyumbani hajaulizwa chochote siku nzima, na swali dogo kama hilo humshusha. Mkono ukishafunguka utazame vizuri: michubuko, uvimbe, vidole vya baridi, na mwambie anyooshe kiganja juu. Kamba ya katani ikikaa muda mrefu inaweza kubana mshipa wa fahamu, kiganja kikalegea kisiinuke.

Hofu yako haina aibu. Ukiona amekunja ngumi, anahema, anatembea mbele nyuma, sauti inapanda, toka nje, ita mtu. Muuguzi mzuri wa akili si yule asiyekimbia.

Halafu, mwanangu, barua yako yote ndefu hakuna mahali umeandika joto la mwili wake. Hakuna sukari, hakuna kipimo cha malaria. Nimelitafuta. Mtu akishaitwa kichaa, mwili wake unasahaulika, kana kwamba malaria huuliza kwanza. Mpime. Angalia kichwa kama aliangushwa. Uliza VVU kwa staha, uliza degedege, na uliza anakunywa nini: mabibo yakianza kuiva uraka, pombe yake, utakuwa kila kona, na nipa, ile kali ya kukenekwa, ipo mwaka mzima. Bangi pia. Uliza bila kuhubiri. Kwa mnywaji wa kila siku, kukatishwa pombe ghafla kwa kufungiwa chumbani kunaweza kumletea mtetemo, kuona vitu na degedege katika siku chache za mwanzo, na mkadhani ni ugonjwa ule ule.

Kuhusu waganga na visomo, usijitie kwenye vita ambayo hutashinda, wala huna sababu ya kuipigana. Wakitaka asomewe, asomewe. Wewe omba mambo machache: dawa ya hospitali isisimamishwe, asipigwe, asinyimwe chakula, asifukizwe chumba kimefungwa, na kama ananyweshwa mizizi uambiwe. Mwite huyo mganga umsalimie. Akijua dalili za shingo kupinda anaweza kuwa wa kwanza kukuletea mgonjwa, na sitanii, nimeona ikitokea.

Lakini mtu unayemhitaji kuliko mganga, kuliko hata mama, ni mjomba. Kwa Wamakonde unajua neno la mwisho la mpwa liko wapi. Ukimshawishi mama peke yake, jioni mjomba atatengua. Nenda kwake nyumbani, usimwite zahanati. Usianze na haki za binadamu. Anza na hesabu yake: anaogopa nini hasa msimu huu? Kwamba kijana atapotea? Atapigana kwenye mnada? Atachoma shamba? Kila hofu ina jibu lake. Mweleze kwamba mtu wa kufungiwa anahitaji mtu wa kumpelekea chakula, maji na ndoo, na moto ukitokea hana pa kutokea, na atakapofunguliwa atakuwa amedhoofu hafai hata kwa palizi. Akitulia kwa dawa kwa wiki chache, huyo ni mwokotaji. Kuokota korosho chini ya kivuli, karibu na ndugu, kazi ya mkono isiyo na panga, ni tiba kabisa. Hospitali ya Lutindi, kule Korogwe, inajulikana kwa wagonjwa wake kufanya kazi kama sehemu ya matibabu. Kama atakuwa kwenye chlorpromazine, dawa nyingine ya kundi hili, avae kofia na mikono mirefu, kwani jua humbabua haraka mwenye dawa hiyo.

Na apewe ujira wake kama wengine. Msisahau.

Upande wa zahanati: mratibu wa afya ya akili wa wilaya mpigie leo, na mfamasia wa wilaya pia. Benzhexol iingie kwenye oda yenu inayokwenda MSD, Bohari ya Dawa, na mpaka ifike iazimwe hospitali ya wilaya. Ikija ifungiwe kabatini, vijana wa mjini huitumia kujilevya. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri aulizwe juu ya msamaha wa gharama na nauli, ndiyo kazi yake. Na daktari akisema mrudi kwenye sindano ya mafuta, mwulize kama mwanzo alipewa dozi ndogo ya majaribio. Tumia bomba na sindano vikavu kabisa, maji kidogo tu huichafua dawa ikawa na ukungu. Ndani ya msuli wa tako, mwezi huu kulia, ujao kushoto, na usisugue baada ya kuchoma.

Mhudumu anayekuita nesi wa vichaa mpe kazi: yeye ndiye awe anamwita kijana kwa jina lake, jina kamili, kila akifika. Watu hubadilika zaidi wakiwa na jukumu kuliko wakiwa na hotuba.

Kwa hali uliyoieleza, halali, anaogopa maji, amefungiwa, dawa iliyopo imeshamdhuru, naona arudi kuonwa Ligula hata kama swali la kujiua atalijibu hapana. Usimtishie na Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, Dodoma ni mbali na kwa watu wengi jina hilo ni kama hukumu. Zipo dawa kama olanzapine na risperidone ambazo hukaza misuli kwa nadra zaidi, uamuzi ni wa daktari, lakini daktari ataamua kwa karatasi utakayomtumia wewe. Kwenye nafasi ya sababu za rufaa nimeshaona watu wakiandika "kichaa, mkorofi, ameshindikana". Wewe andika namna hii:

"Mwanaume, miaka 26, anajulikana kwenu, skizofrenia. Alipata kupinda shingo na macho kupanda siku ya pili baada ya Modecate, hakuwa na benzhexol. Hajatumia dawa tangu hapo, isipokuwa haloperidol sindano moja wiki iliyopita, baada yake alishindwa kutulia. Halali. Anamsikia marehemu baba akimwita. Anaamini maji ya kisima yana sumu. Ameulizwa kuhusu kujiua, amejibu: (weka maneno yake mwenyewe). Joto, presha, sukari, malaria: (jaza). Alama za kamba mikono yote. Anakataa sindano kwa sababu ya shingo, ameelezwa, anasikiliza. Anasindikizwa na mjomba. Naomba apangiwe dawa nyingine, na mnijulishe kwa simu kabla hajaruhusiwa ili nihakikishe dawa hiyo ipo hapa."